Bugala, Kisiwa cha Mapumziko

Askari apatapo likizo, mara nyingi hufikiri kwenda kwa wazee tu. Lakini jamaa iliyoko Uganda yaweza pia kuvuka kwa kivuko kutoka Bukakata, upande wa Masaka, hadi Luku katika kisiwa cha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese. Huko Lutoboka mna mchanga mweupe, msitu ulioteremka karibu na maji, na utulivu usiopatikana mjini.

Utulivu huo una historia chungu. Malale iliua watu wengi mno, hata mwaka 1909 serikali ya Kiingereza ikawahamisha wakazi waliosalia. Hawakurudi ila baada ya miaka mingi.

Watoto watafurahia matembezi ya mashua kwenda visiwa jirani. Mzazi ahakikishe kwanza kwamba kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea, na kwamba mashua haikupakia kupita kiasi. Novemba 1918 haisimuliwi hapa, bali Novemba 2018, chombo cha starehe kilizama ziwani karibu na Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Akina mama wasione haya kukataa kupanda. Tena kichocho kimo ziwani: watoto wasioge penye majani, yakaapo konokono.