Moteri ikikataa kuwaka mtoni



Siku ile tulikuwa wamama tisa ndani ya mtumbwi, pamoja na magunia ya mchele, mabido manne ya mafuta ya mawese, na mwenzetu mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali. Tulitoka Kasongo Rive asubuhi. Moteri iliwaka mara ya kwanza, tukafurahi. Kabla hatujafika nusu ya mto ikaanza kukohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Wenye kujua Lualaba wakati wa maji mengi wanajua kimya kile. Mtumbwi ukageuka ubavu, maji yakatuchukua chini polepole, na kasia lilikuwa moja tu. Kijana wa moteri alivuta kamba hadi viganja vikachubuka. Mama wa mtoto hakulia. Alikuwa akimwambia mwanawe tu, "Tunafika, baba, tunafika."

Tuliokolewa na kichanga cha mchanga kilichokuwa bado hakijafunikwa na maji, na wavuvi wawili waliotuvuta hadi ukingoni. Mtoto alibebwa kwa pikipiki na akatibiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini moteri haikuwaka hata pale ukingoni. Tukamwita mekanisie. Akaiangalia kidogo, akasema karibirateri imekufa, inatakiwa mpya, na akataja bei iliyozidi sanduku letu la miezi mitatu. Tulikuwa tumeanza kuchangishana wakati mvuvi mmoja mzee alipoinama, akagusa kifuniko cha tangi la esanse na kuuliza: "Wanangu, hapa nani alifunga?"

Juu ya kifuniko kile kuna kifungo kidogo cha kupitishia hewa. Kikifungwa, esanse inatoka kidogo kidogo, halafu tangi linabana, na esanse haitoki tena. Ndiyo sababu moteri inawaka vizuri pwani na kufa katikati ya mto, mahali pabaya kuliko pote. Tulikuwa tumekifunga wenyewe usiku uliotangulia, ili harufu isijae nyumbani.

Basi kwa nini haikuwaka pale ukingoni, hata mzee alipokifungua? Kwa sababu kijana, kwa hofu, alikuwa ameminya sana kipira cha kusukumia esanse, na kuvuta starta mara nyingi. Mashine ilikuwa imelowa. Kosa la kwanza lilikuwa letu, la pili lilizaliwa na la kwanza. Karibirateri haikuwa na neno.

Sisi tunaofundisha watoto shuleni tuliona aibu kidogo. Tunaeleza darasani kwamba moto hauwaki bila hewa, halafu tunafunga hewa ya tangi letu wenyewe! Kwa hiyo Jumapili iliyofuata moteri ililetwa chini ya mwembe, mzee akatufundisha, nasi tukaandika.

Jambo la kwanza si moteri, ni mtumbwi. Ikizimika katikati, makasia kwanza, na kila mtu abaki ameketi. Wengi huzama kwa sababu wote wanasimama kwenda kuangalia mashine. Mtumbwi ukishafungwa kwenye mti ndipo tunatazama. Je, ile kamba nyekundu ya kuzimia iko mahali pake? Ikiwa imechomoka, utavuta hadi jioni. Je, gia imeingia? Mashine nyingi zinakataa kuwaka gia ikiwa imeingia, na zile zisizokataa zinaweza kuruka na kumwangusha mtu majini.

Kisha esanse. Ipo? Kifungo cha hewa kimefunguliwa? Tiyo imekanyagwa na gunia? Kwenye kipira kuna mshale, nao lazima uelekee kwenye moteri. Minya mpaka kiwe kigumu, halafu acha. Kikibaki laini siku zote, tafuta mahali tiyo inapovuta hewa.

Halafu bujie. Kila mama wa kikundi chetu sasa anajua kuifungua kwa ufunguo wake. Ikitoka kavu kabisa, esanse haifiki, rudi kwenye tangi na tiyo. Ikitoka inachuruzika, mashine imelowa: rudisha starta, toa ile kamba nyekundu, vuta mara chache bujie ikiwa nje ili esanse ya ziada itoke, futa bujie kwa kitambaa, ngoja kidogo, rudisha vyote na ujaribu bila starta. Moteri yetu iliwaka hivyo, mara ya nne. Kujaribu cheche tunamwachia fundi, maana mashine iliyolowa inatema esanse, na cheche ikiikuta ni moto. Sigara na mbabula vikae mbali.

Na kuna esanse yenyewe. Hii ya kununua barabarani kwa chupa, mara nyingine ina maji. Mimina kidogo katika chupa nyeupe, iache itulie: maji yanakaa chini, na mpaka wake unaonekana kwa macho. Kwa moteri zinazotaka esanse iliyochanganywa na mafuta, nyingi zinataka lita 1 ya mafuta kwa lita 50, yaani bido la lita 20 linachukua desilita 4. Lakini fuata maandishi ya mashine yako. Mafuta yakipungua, mashine inaungua. Yakizidi, bujie inachafuka, na mnarudi palepale pa kuvuta kamba.

Jambo moja la nyumbani hatuwezi kuliruka: esanse isikae katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu. Akiinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali upesi. Wala tusiivute kwa mdomo kupitia tiyo, desturi tuliyoizoea vibaya.

Mwaka 1871 Livingstone alipofika Nyangwe, hapa kwetu, alikuta soko kubwa la wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi. Bibi zetu hawakuhitaji bujie. Wenzetu wa Kabambare wanaovuka Luama kwa makasia watatucheka, na wana haki. Lakini mizigo yetu imekuwa mizito, na hospitali haisubiri.

Mapatano yetu ni haya: makasia manne, kamba ndefu, na kifuko chenye bujie mpya mbili, ufunguo wake na kitambaa kikavu. Kifuko kinalala kwa mama mweka hazina. Tulipouliza nani atakagua tangi kabla ya kila safari, aliyeinua mkono wa kwanza ni yule mama wa mtoto. Jumamosi iliyopita alifungua kile kifungo kabla gunia la kwanza halijapakiwa, akatuonyesha sote, kisha akamwambia kijana avute kamba.