Kabla ya Kuipeleka Picha Studio: Yaliyotupata kwa Picha ya Nyanya



Picha tunayotaka kuisimulia ilipigwa asubuhi ya Idi ndogo, barazani kwetu, baada ya watu kurejea kutoka kuswali. Nyanya, Allah amrehemu, alikataa kuketi katikati. Alisema katikati ni pa wenye kanzu mpya, akajivuta hadi mwisho wa benchi upande wa kulia, akaishika ncha ya leso yake kwa vidole viwili kama ilivyokuwa ada yake. Mjukuu mmoja alirudi nyuma hadi njiani, akapiga picha moja tu kwa simu. Hakupiga ya pili, kwani tambi na mahamri vilikuwa vimeshaandaliwa na watoto walikuwa wameshaanza kutawanyika.

Kabla ya Idi kubwa, nyanya alikuwa ametangulia mbele ya haki. Tulipozitafuta picha zake tukaona kwamba ile ya barazani ndiyo pekee aliyo pamoja na watoto wake wote watano. Tukakubaliana kila mmoja wao apate nakala. Hapo tukafanya jambo tulilolidhania kuwa la busara: tulinunua fremu kwanza. Zilikuwa tano, za mbao, za inchi 8 kwa 10, na bei yake ilitupendeza. Tukaichukua picha katika kundi la WhatsApp la familia, tukaituma studio, tukaulizwa saizi, tukajibu.

Jioni tukampelekea mama yetu nakala ya kwanza ikiwa tayari ndani ya fremu. Aliitazama kwa muda, akaigeuza kidogo kuelekea taa, kisha akauliza, "Na mama yangu yuwapi?"

Ukingoni mwa kulia palikuwa na kipande cha bega na ncha ya leso, basi. Nakala zote tano zilikuwa hivyo.

Hatumlaumu fundi. Aliombwa picha ya 8 kwa 10, akatoa picha ya 8 kwa 10. Kosa lilikuwa letu, na kwa kuwa tumegundua kuwa nyumba nyingi zimepatwa na mkasa kama huu, kwa mfano bibi harusi aliyepungukiwa na ncha ya shela au mtoto wa madrasa aliyebaki bila mkono ulioshika cheti chake, tumeona tueleze tuliyojifunza.

Chanzo cha yote ni umbo. Picha ina urefu na upana, na karatasi nayo ina urefu na upana, lakini uwiano wa pande hizo si lazima ufanane. Fikiria mkeka mrefu unaotandikwa katika chumba kifupi. Ama utaikunja miisho yake, ama utatafuta mkeka mdogo wa umbo lile lile na kuacha sakafu wazi pembeni. Mashine ya studio, usipoiambia lolote, aghalabu huchagua kukunja: huijaza karatasi yote kwa picha, na kinachozidi hukikata sawasawa pande mbili. Yenyewe haijui nani ni nyanya na nani ni nguzo ya baraza. Iko pia njia ya tatu, nayo ni kuibana picha kwa nguvu mpaka iingie, na matokeo yake ni watu waliorefuka nyuso kama wanaojitazama katika kijiko. Njia hiyo tusiizungumze zaidi.

Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3. Kamera kubwa wanazobeba wapiga picha wa harusi hupiga kwa 3 kwa 2, uwiano uliorithiwa kutoka filamu ya milimita 35, ambayo kila picha yake ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ndiyo hasa iliyoueneza. Karatasi ya inchi 4 kwa 6, ile iliyojaa katika albamu za mama zetu, ni ya uwiano huo huo wa 3 kwa 2, na ndiyo maana picha za filamu ziliingia humo bila kupoteza kitu cha maana. Lakini 8 kwa 10 ni umbo jingine kabisa, nene zaidi, linalokwenda sambamba na kamera kubwa za studio zilizotumia filamu za saizi hiyo hiyo. Nayo 5 kwa 7 iko baina ya hayo mawili.

Hesabu yake si ngumu, na mwenye kupima vitambaa ataielewa upesi. Picha ya kamera ya harusi, ikikuzwa mpaka kimo chake kiwe inchi 8, upana wake utakuwa inchi 12. Ukitaka 8 kwa 10, inchi 2 lazima zitoke, yaani sehemu moja katika kila sita za picha. Katika picha ya ukoo iliyojaa watu kutoka ukingo hadi ukingo, sehemu hiyo ni shangazi mmoja kila upande. Picha ya simu ya 4 kwa 3 inastahimili zaidi: kwa karatasi ya 8 kwa 10 hupoteza sehemu moja tu katika 16, na kwa 5 kwa 7 hupoteza robo inchi tu iliyo juu au chini. Ajabu ni kwamba ile karatasi ndogo ya 4 kwa 6, ambayo sote huidhania kuwa ndiyo salama, huinyang'anya picha ya simu sehemu moja katika tisa, na aghalabu huinyang'anya juu, penye vilemba na kofia.

Yetu ilikuwa na balaa jingine. Mjukuu alikuwa ameipanga simu yake ipige picha za kujaza kioo chote, yaani uwiano wa 16 kwa 9. Picha ya namna hiyo huvutia machoni ukiwa umeishika simu, lakini haina karatasi yake katika studio zetu. Ikiwa na kimo cha inchi 8, upana wake hupita inchi 14. Ili iingie katika 10, zaidi ya inchi 4 zilitupwa, mbili kila upande. Upande wa kushoto pametupwa mlango na viatu. Upande wa kulia ametupwa nyanya.

Ushauri wetu wa kwanza, basi, ni kwa wapigaji: ingieni katika mipangilio ya kamera ya simu, mchague 4 kwa 3, na mrudi hatua mbili nyuma kuliko mnavyodhani inatosha. Nafasi tupu pembeni mwa watu ndiyo itakayokatwa badala yao. Fremu nayo ina mdomo unaofunika milimita kadhaa za picha kila upande, na mashine za kuchapisha picha zisizo na ukingo mweupe huikuza picha kidogo ili isiachwe pengo, kwa hiyo hata picha iliyokatwa vyema huliwa tena kidogo. Mtu asiwekwe ukingoni kabisa.

Ushauri wa pili ni kukata nyumbani, kwa mkono wako mwenyewe. Simu yoyote yenye uwezo wa kuhariri picha ina alama ya kukatia, na ndani yake mna orodha ya uwiano. Kwa 8 kwa 10 chagua 4 kwa 5 (ni kitu kimoja), kwa 4 kwa 6 chagua 2 kwa 3, na kwa 5 kwa 7 chagua hiyo hiyo ikiwa ipo. Angalia kama picha imelala au imesimama, kwani simu huweza kukupa 4 kwa 5 iliyosimama ilhali picha yako imelala, na hapo wageni wengi hukata tamaa. Kisha isogeze picha ndani ya kisanduku mpaka watu wote wawemo. Kama lazima mwili ukatwe, usikate kwenye viungo. Mtu aliyekatwa kwenye vifundo vya mikono au miguu huonekana kama aliyepatwa na ajali, lakini aliyekatwa katikati ya paja au chini kidogo ya kifua huonekana amepigwa picha hivyo kwa makusudi. Juu ya kichwa acha upenyo. Ukimaliza, hifadhi kama nakala mpya, na ile ya asili usiiguse.

Tunasisitiza nakala kwa sababu mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kwamba leo unataka 8 kwa 10, na kesho dada yako aliye Muscat atataka 5 kwa 7. Aliyekata ya asili amemkatia na dada yake. Ya pili ni stara. Wako wanawake wanaokata picha si kwa ajili ya fremu bali kwa ajili ya kumtoa mtu asiyefaa kuonekana: aliyepita nyuma bila mtandio, au picha ya siku ya kupamba ambapo wenyewe wamekubali kuonekana na wengine hawakukubali. Fahamuni kwamba simu nyingi hazikati kikweli. Huficha tu, na mwenye kuibonyeza simu hiyo sehemu ya kurejesha picha ya awali atakiona kilichofichwa. Mwaka 2023 iligunduliwa kasoro katika chombo cha kuhariria picha cha simu za Pixel za Google, ambapo picha za kioo cha simu zilizokwisha kukatwa na kutumwa ziliweza kurudishiwa sehemu ya yale yaliyokatwa. Kasoro ilirekebishwa, lakini zilizokwisha kutumwa zilikuwa zimetoka. Kwa hiyo usiikabidhi studio simu yako nzima ukamwambia fundi achague. Mpelekee nakala zilizokatwa tu, katika kidude cha kuhifadhia kisicho na kitu kingine. Na kama picha ni ya mwanamke asiyetaka kuonekana na wageni, mtafuteni mwanamke wa kuichapisha, au msiichapishe. Ama swali la kutundika picha ukutani au kuziweka albamuni, hilo tunawaachia masheikh wetu na kila nyumba na msimamo wake.

Sanaa ya kukata picha, kwa hakika, si ngeni pwani hii. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha zake za kuunganisha, alizozitengeneza kwa kukata na kubandika zama ambazo mkasi ulikuwa mkasi kweli. Yeye aliangalia anachokikata. Sisi tuliikabidhi mashine.

Liko jambo moja lililobaki, nalo ndilo lililotuchelewesha kulirekebisha kosa letu. Nakala tuliyoichukua katika WhatsApp ilikuwa na pikseli 1600 kwa 900. Pikseli ni vile vitone vinavyoijenga picha, na chapa safi ya kutazamwa kwa karibu hutaka vitone 300 hivi katika kila inchi. Hesabu yake: 8 kwa 10 hutaka 2400 kwa 3000, na 4 kwa 6 hutaka 1200 kwa 1800. Nakala yetu, ikiwa na kimo cha inchi 8, ilikuwa na vitone 112 tu kwa inchi, na nyuso zilikuwa kama zinazotazamwa nyuma ya chandarua. Ikabidi tumtafute mjukuu. Simu yake ya Idi ile alikuwa ameshaiuza, nasi tukakaa siku mbili roho juu, mpaka akakumbuka kwamba picha zake zote alizihifadhi katika akaunti ya intaneti kabla ya kuiuza. Akatutumia ile ya asili kama hati badala ya picha, kwani hati haipunguzwi njiani. Ilikuwa na pikseli 4032 kwa 2268. Alhamdulillahi.

Tukakaa sote mezani na simu moja. Kwa 8 kwa 10, hata tungeikata yote kutoka kushoto, mjomba mkubwa angetoka. Basi tukaacha kuitii fremu. Tulichagua uwiano wa 3 kwa 2, tukaisogeza picha mpaka mlango na safu ya viatu vikatoka upande wa kushoto, na watu wote wakabaki, nyanya akiwa na nafasi ya vidole viwili pembeni mwake. Tukachapisha 8 kwa 12, ikiwa na vitone 283 kwa inchi. Safari hii tulimuuliza fundi kabla hajabonyeza: utaijaza karatasi au itaingia nzima? Naye akatuonyesha kwenye kioo chake picha itakavyotoka. Fremu za 8 kwa 12 tulizipata kwa taabu, na kwa bei isiyotupendeza hata kidogo.

Mama aliipokea yake bila kusema neno, akaiweka karibu na kitanda. Ndugu zake watatu nao wakaridhika. Khaleti yetu mdogo, wa tano, aliitazama sana kisha akatuuliza viatu vimekwenda wapi. Tukamwambia tumevikata, ni viatu tu. Akasema katika safu ile mlikuwamo ndara za buluu za mama yake, alizozivua kwa taratibu na kuzipanga zitazame nje, kama alivyozipanga kila siku ya maisha yake.

Tukarudi studio mara ya tatu. Tuliomba picha nzima, isiyokatwa popote, ichapishwe ndani ya karatasi ya 8 kwa 10 na kuachiwa ukingo mweupe juu na chini. Watu wametoka wadogo, lakini wamo, na ndara zimo. Fremu moja katika zile tano za mwanzo ikapata kazi. Nne bado zimo kabatini, na mwenye picha ya 4 kwa 5 anakaribishwa kuzichukua.