Jinsi Gari Linavyochakaa kwa Ndani

Gari huchakaa kwa ndani polepole mno, hata mwenye gari huwa wa mwisho kuliona hilo. Dashibodi hupauka kisha hupasuka, usukani huanza kung'aa pale unaposhikwa, kiti cha dereva hubonyea upande wa mlango, na kitambaa cha dari huning'inia kama chandarua kilicholegea. Kila kasoro ina chanzo chake, na katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya vyanzo hivyo hukutana vyote: jua la ikweta, joto, unyevu wa ziwa, vumbi na wingi wa abiria.

Mji wa Homa Bay uko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, na Migori digrii moja. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, wala hakuna majira ya baridi ya kuipumzisha plastiki kama kule Japani yanakotoka magari mengi ya eneo hili. Isitoshe, Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali panavyoinuka ndivyo inavyopungua hewa ya kuchuja miale ya urujuanimno. Miale hiyo hukata minyororo ya molekuli inayoipa plastiki nguvu zake. Kioo cha mbele huizuia karibu yote kwa kuwa kina utando wa plastiki katikati ya vioo viwili. Vioo vya milango kwa kawaida havina utando huo. Ndiyo maana ukingo wa juu wa mlango na kitambaa cha kiti kilicho karibu na dirisha hubadilika rangi mapema.

Dashibodi huumizwa zaidi na joto. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kuwa hewa ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Katika jimbo la Arizona, dashibodi za magari yaliyoachwa juani kwa saa moja zilifika wastani wa nyuzi 69. Dashibodi laini mara nyingi hutengenezwa kwa PVC, ambayo kwa asili ni ngumu na hulainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi. Joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo. Huenda vikatua kwenye kioo cha mbele na kufanya ule ukungu wa mafuta unaomsumbua dereva usiku taa za gari jingine zinapommulika. Dashibodi iliyopoteza vilainishi husinyaa, na kwa kuwa imebanwa pande zote, hupasuka.

Kiti kina adui mwingine, nao ni msuguano. Probox, gari lililoanza kuundwa mwaka 2002, ilikusudiwa kubeba mizigo midogo ya biashara huko Japani. Katika barabara ya Rongo hadi Homa Bay imekuwa gari la abiria. Dereva hushuka na kupanda siku nzima, na kila mara paja lake husugua ukingo ule ule wa kiti. Kwanza kitambaa hung'aa, halafu mshono huachia uzi mmoja, kisha sponji ya manjano huchungulia na kumeguka chembe chembe kama makombo ya mkate. Vumbi la barabara za Nyatike huharakisha mambo, kwani chembe za mchanga zikishapenya kitambaani hukwaruza nyuzi kama msasa kila mtu anapoketi. Usukani nao huliwa na jasho pamoja na mafuta ya kujipaka mikononi, ambayo hulainisha tabaka lake la juu hadi likabanduka.

Unyevu hufanya kazi yake palipofichika. Gari linalobeba samaki kutoka Mbita au Sori hudondokewa na maji ya barafu, nayo hupenya chini ya kapeti. Tabaka la chini hukaa na maji hayo kwa siku nyingi, kuvu huota, harufu hugoma kutoka na bati la sakafu huanza kushika kutu. Kitambaa cha dari hubandikwa juu ya sponji nyembamba, na joto pamoja na unyevu huigeuza sponji hiyo kuwa unga. Kukibandika tena kwa gundi bila kuikwangua sponji iliyokufa ni kupoteza pesa.

Mnunuzi anaweza kunufaika na haya yote. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, lakini umri hausemi limetembea kiasi gani, na mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma. Raba ya pedali iliyolika, kichwa cha gia kilichofutika na kiti kilichobonyea havilingani na kilomita chache.

Kinga bora ni kivuli: mti, paa, au hata kadibodi nyuma ya kioo cha mbele. Vumbi lifutwe mara kwa mara kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na mikeka ikung'utwe nje. Sabuni ya unga ni kali kwa viti vya ngozi. Mafuta ya kung'arisha dashibodi hupendeza machoni kwa siku mbili tatu, kisha hunasa vumbi na kuakisi mwanga kiooni. Anayetaka kuvisha dashibodi ngozi bandia asikubali fundi afunike sehemu ya mfuko wa hewa, kwa sababu huenda ukashindwa kufunguka ajali inapotokea.

Lakini kitu kinachostahili kukaguliwa kabla ya vyote ni mkanda wa usalama. Nyuzi zake hudhoofishwa na jua, na vumbi huzisaga kila unapovutwa. Mkanda ulioanza kuchanua nyuzi pembeni haushonwi, hubadilishwa.