SAMAKI MKUBWA HUPITA ALFAJIRI: JE, KIKUNDI CHENU KIKO TAYARI?



Mtu akipita juu ya daraja la Nyali, au akivuka na feri ya Likoni, huyaona yale maji ya chini kama njia ya meli tu. Lakini kwa jamaa wa Mishomoroni, Mikindani, Jomvu, Port Reitz na Mtongwe, maji hayo ni shamba. Ni hori mbili kubwa: hori la Tudor, linalopokea mito ya Kombeni na Tsalu, na hori la Port Reitz, linalopokea mito ya Mwache na Cha Shimba. Humo mna kolekole, mzia, tewa na taa wakubwa, ingawa mji umetuzunguka pande zote.

Vikundi vingi vya vijana na vya kina mama vimeanza kufikiria kununua mtumbwi na vyombo vya kuvulia. Ni wazo zuri. Lakini kabla ya kutoa pesa ya chama, tuelewe kwanza samaki mkubwa anakwendaje, na kwa nini wazee husema "amka mapema".

Kwa nini alfajiri?

Sababu ya kwanza ni mwanga. Wakati wa utusitusi, samaki mwindaji kama kolekole huona vizuri kuliko mkizi na simu anaowafukuza. Basi huo ndio wakati wake wa kula. Jua likishapanda, samaki wadogo humwona mapema na hukimbia, naye hushuka kwenye kina. Tena maji yakiwa na mwanga mwingi, huuona mshipi wako.

Sababu ya pili ni upepo. Alfajiri upepo ni wa bara, mwepesi, na bahari hutulia. Ikifika saa nne upepo wa baharini huanza kuvuma, hasa wakati wa kusi, na mtumbwi mdogo hutaabika.

Sababu ya tatu ni soko. Samaki akifika pwani saa mbili asubuhi, mama karanga humnunua akiwa mbichi kabisa. Akifika saa nane mchana bila barafu, bei imekwisha kushuka.

Jifunzeni maji kabla ya kununua nyavu

Alfajiri peke yake haitoshi. Maji ndiyo yanayoamua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata maji ya bamvu, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50.

Sasa fikirini. Maji yakijaa, samaki wadogo na kamba huingia kati ya mizizi ya mikoko kula na kujificha. Maji yakianza kutoka, nao lazima watoke, la sivyo watabaki kwenye tope. Hutoka kwa vijito vile vyembamba, na mwindaji anawangoja mdomoni. Kwa hiyo siku za bamvu, kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, mambo mawili hukutana: utusitusi na maji ya kutoka. Hapo ndipo mvuvi mwenye chambo hai cha mkizi hupata kolekole au mzia. Kwa mzia msisahau kipande cha waya juu ya ndoana, maana meno yake hukata mshipi kama wembe.

Wiki moja baadaye ni maji mafu. Wakati huo alfajiri maji yako chini, na mkondo ni dhaifu. Si siku za kukaa nyumbani. Mshipi wenye chubwi hushuka wima, na mnaweza kumtafuta tewa kwenye mawe na vishimo.

Kikundi kisichokuwa na mzee anayehesabu mwezi kinaweza kutumia jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari, KPA. Mtu mmoja aliyesoma awasomee wenzake kila Jumapili saa za wiki nzima.

Mshipi au wavu?

Wengine watawaambia: "Chukueni juya, mtapata ndoo nzima kwa mara moja." Hebu sikilizeni. Juya la kukokota lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, maana huzoa hata vitoto na kung'oa majani ya baharini wanamozalia samaki. Kikundi kikikamatwa nalo, wavu unakwenda na pesa za wanachama zimekwenda. Jarife nalo hunasa kasa, ambaye analindwa na sheria. Na wavu ukifungwa mdomoni mwa kijito huziba mlango wote: leo mtapata, mwaka kesho nyote mtalia.

Mishipi, ndoana na mtumbwi mmoja ni mwanzo mzuri. Huchagua samaki mkubwa na kumwacha mdogo, na gharama yake chama inaimudu. Lakini hata wakubwa tusiwamalize. Samaki jike mkubwa hubeba mayai mengi kupita wadogo kadhaa. Tewa huanza maisha akiwa jike, na baadaye wengine hugeuka madume. Kwa hiyo tukiwatoa wakubwa wote, madume yatakosekana.

Pesa zinapotelea wapi?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Tajiri huwakopesha chombo, kisha samaki wote lazima wapitie kwake kwa bei yake. Tuchukue mfano tu. Akiwalipa shilingi 50 pungufu kwa kila kilo, na mkavua kilo 10 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, mmempa shilingi 10,000. Na deni bado liko palepale! Ni afadhali kuweka akiba kidogo kidogo na kuanza na mtumbwi wa zamani ulio mzima.

Mkishapata chombo chenu, andikeni mgawo mapema. Mfano: samaki wameuzwa shilingi 3,000, chambo na barafu shilingi 600, zimebaki 2,400. Fanyeni mafungu manne: wavuvi watatu kila mmoja 600, na mtumbwi 600. Fungu la mtumbwi si la mwenyekiti. Ni la kuziba matundu na kununua mishipi mipya.

Na samaki wenyewe? Wafunikeni kwa gunia bichi au barafu mara tu wakitoka majini. Msiwaoshe kwa maji machafu ya ufukweni; tumieni maji safi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Usalama

Meli kubwa ya Kilindini haiwezi kusimama wala kukata kona kwa ajili yenu. Msitie nanga katika njia ya meli au ya feri. Gizani muwe na taa, kila mtu avae jaketi la kuelea, na wasiende chini ya wawili. Siku za bamvu maji ya kutoka huvuta kwa nguvu kuelekea mlango wa bahari, kwa hiyo nanga na kafi la akiba si anasa. Jiandikisheni kwa kamati yenu ya ufuo, BMU, zilizoanzishwa kwa kanuni za mwaka 2007, ili ijulikane nani ametoka na nani hajarudi.

Shamba hili linataka kutunzwa

Mwaka 1988 mafuta yalimwagika na kuua mikoko upande wa Port Reitz. Mwaka 2005 meli ya Ratna Shalini ikamwaga tena. Kwa upande mwingine, daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 limechukua nafasi ya tuta la zamani, na maji yanapita tena kati ya hori hizi mbili. Lakini takataka na maji ya vyoo bado vinateremka kutoka mitaani kwetu wenyewe, na mikoko bado inakatwa. Pasipo mikoko hakuna simu wala mkizi, na pasipo mkizi kolekole hana sababu ya kuja. Kikundi kinachovua na kipande pia.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani kati yetu anajua kuhesabu maji? Atawafundisha lini wengine?
2. Samaki wetu wanauzwa kwa nani, na nani anapanga bei?
3. Fungu la mtumbwi litawekwa wapi, na nani atashika daftari?
4. Ni sehemu gani ya mikoko iliyo karibu nasi tunayoweza kuipanda au kuilinda mwaka huu?