Zahanati ichangiwe kama inavyochangiwa harusi

Kikundi cha kijamii kinapoishiwa fedha, wazo la kwanza huwa ni shughuli: mbio za hisani, chakula cha jioni, mnada, mechi ya wabunge na wasanii. Kamati inakaa, mmoja anapendekeza mgeni rasmi, mwingine anauliza bei ya fulana, na mjadala wote unazunguka jambo moja, yaani tufanye nini ambacho wenzetu hawajafanya. Kwa maoni yangu hapo ndipo vikundi vingi vinapopoteza njia. Watanzania si wagumu wa kuchanga. Familia ya kawaida ya Dar es Salaam, Moshi au Mwanza hukusanya mamilioni ya shilingi kwa ajili ya harusi moja, ndani ya miezi michache, kutoka kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao ambao wengi wana mishahara midogo na madeni yao wenyewe. Ubunifu tunaouhitaji ni wa kuelewa kwa nini mifuko hiyohiyo hufungwa inapofika zamu ya zahanati, na kurekebisha kinachoifunga.

Itazame kamati ya harusi inavyofanya kazi. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina ambaye kila mtu anamfahamu na anajua anakoishi. Bajeti inasomwa kikaoni, kifungu kwa kifungu: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, mshereheshaji, gari la maharusi. Kadi ya mchango inaonyesha kiwango na tarehe ya mwisho. Kwenye kundi la WhatsApp kuna orodha yenye namba, na mbele ya kila jina kuna ahadi, kilicholipwa na salio. Anayelipa leo huinakili orodha, akaongeza jina lake chini na kuirudisha kundini, na mweka hazina akishaona fedha imeingia anaweka alama ya vema. Kufikia wiki ya mwisho hakuna asiyejua kilichopo na kilichopungua, na walioahidi wanapigiwa simu bila kuoneana haya. Baada ya sherehe kuna kikao cha kuvunja kamati, ambapo mapato na matumizi husomwa mbele ya waliochanga, na kama kuna deni la mpishi linajulikana ni kiasi gani na nani atalimaliza.

Sasa linganisha na ujumbe wa kawaida wa kuchangia kituo cha watoto yatima. Una picha, namba ya simu na maneno "changia chochote ulichonacho". Hausemi kinachotakiwa ni shilingi ngapi, hadi lini, wala kimekusanywa kiasi gani mpaka sasa. Aliyetuma Sh10,000 anapata ujumbe wa mtandao wa simu kwamba muamala umekamilika, kisha hasikii tena hadi mwakani atakapoombwa upya. Mtu wa namna hii akisita mara ya pili tunamwita mchoyo. Mimi naona ana haki ya kusita, kwa sababu harusini amezoea kuhesabiwa na kuonyeshwa hesabu, na huku ameachwa gizani.

Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viliijua mapema kanuni hii ya kuhesabu fedha mbele ya wote. Mfumo wa akiba vijijini ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na ambao ulienea Afrika hadi kwetu, unategemea sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa kikaoni tu, fedha zikahesabiwa kwa sauti huku wote wakitazama. Vikundi vingi huwa na mfuko wa pili, mfuko wa jamii, wa kusaidia mgonjwa au mfiwa. Hiyo ni hisani hasa, inayochangwa kila kikao na watu wenye kipato cha chini kabisa, na haijawahi kuhitaji jukwaa wala spika.

Kanuni hiyo imefanya kazi hata mbali na kwetu. Mwaka 1885 Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa, ilikuwa tayari kupelekwa New York huku fedha za kujengea msingi wake zikiwa zimekwama. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World, aliahidi kuchapisha jina la kila atakayechanga, hata akitoa senti chache. Katika muda wa miezi mitano hivi zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Matajiri wa mji ule walikuwa wameombwa kabla na fedha hazikutosha. Kilichobadilika ni kwamba mchango mdogo ulipewa heshima ya kuandikwa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani, Kenya. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa mwaka 1988 ili kujenga uzio wa umeme katika milima ya Aberdare, kumlinda faru dhidi ya majangili na kuzuia tembo wasivamie mashamba ya wakulima. Mwaka uliofuata yalianza mashindano ya magari ya Rhino Charge, ambayo mshindi wake si mwenye mbio, bali anayepita vituo vyote porini kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kila gari linaloshiriki lazima lije na fedha za wafadhili wake. Msomaji anaweza kusema huo ndio ubunifu wenyewe, shughuli ya aina yake. Nakubali kwamba mashindano yalivuta macho. Lakini watu hawachangi miaka 20 mfululizo kwa sababu ya kuona magari yakikwama makorongoni. Walichanga kwa sababu kila mwaka uzio uliongezeka kilomita kadhaa, na kilomita ni kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukigusa. Serikali na wafadhili wengine wakaongeza nguvu, na mwaka 2009 uzio wa takriban kilomita 400 ukafungwa ukiwa umeizunguka milima yote. Kikundi cha Newala au Kasulu hakina magari ya kushindanisha, ila kinaweza kugawa kazi yake katika vipande vya namna hiyo: kitanda kimoja cha kujifungulia, bati ishirini, madawati ya darasa moja. Kipande kimoja kikikamilika, kipigwe picha na kutangazwa, ndipo cha pili kiombewe.

Ndiyo maana nina wasiwasi na vikundi vidogo vinavyoiga mbio kubwa za hisani. Mbio za benki ya CRDB, ambazo zimesaidia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zina benki nyuma yake na wadhamini wa kubeba gharama. Kikundi kisicho na mdhamini kinalipa fulana, mahema, maji, ulinzi na chakula cha mgeni rasmi kabla hakijapata senti. Bahati nasibu nayo inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Akipatikana mfadhili mmoja mwenye uwezo, kuna matumizi mazuri zaidi ya fedha zake kuliko kukodi ukumbi. Wachumi Dean Karlan na John List walitoa mwaka 2007 matokeo ya jaribio la barua zaidi ya 50,000 zilizotumwa Marekani kwa watu waliowahi kulichangia shirika moja. Baadhi waliambiwa kwamba mfadhili atatoa kiasi sawa na watakachotoa wao. Fedha zilizopatikana kwa kila barua zikapanda kwa asilimia 19. Alipoahidi kutoa mara mbili au mara tatu, hakukuwa na nyongeza yoyote ya maana. Watu walitaka kujua kwamba hawako peke yao, na shilingi kwa shilingi ilitosha.

Kuna pingamizi zito hapa. Harusi, atasema mtu, ni deni. Namchangia binti wa jirani kwa kuwa jirani atamchangia wangu, na asiyechanga ataona cha moto zamu yake ikifika. Mtoto yatima hatanilipa. Ni kweli, na sitaki kulipunguza uzito. Lakini mwaka 2011, ukame ulipoikumba Turkana na maeneo mengine ya kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya iliyoongozwa na Msalaba Mwekundu, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari iliweka lengo la Sh500 milioni za Kenya, na likavukwa. Mkazi wa Nairobi aliyetuma fedha kwa simu hakutarajia kwamba mfugaji wa Turkana angekuja kumchangia harusi. Lengo lilikuwa wazi na muda ulikuwa umewekwa. Zaidi ya hapo, mambo mengi tunayochangishiwa yanaturudia kwa njia ndefu kidogo: zahanati ya kata ndiyo atakayojifungulia binti yuleyule wa jirani. Mahali ambapo hakuna marejeo kabisa, kama mgonjwa wa mkoa wa mbali, kazi ni ngumu zaidi, na hapo ndipo mfadhili wa shilingi kwa shilingi anahitajika.

Pingamizi jingine linatoka msikitini na kanisani. Waislamu wanafundishwa ubora wa sadaka ya siri, na Wakristo wanaambiwa mkono wa kushoto usijue utendalo wa kuume. Orodha yenye majina humwaibisha pia aliyekuwa na Sh2,000 tu. Napokea hoja hii bila kusitasita, kwa kuwa fedheha ya maskini ni bei kubwa mno kuilipa kwa ajili ya bati. Dawa yake ni nyepesi: orodha iandike tarehe, kiasi na tarakimu za mwisho za namba ya muamala. Mwenye mchango ataitambua shilingi yake na wengine wataona jumla. Kinachopaswa kuwa wazi ni fedha.

Kenya inatufundisha pia yanayotokea pale jina la mtoaji linapokuwa kubwa kuliko kazi. Harambee zilijenga shule na zahanati nyingi baada ya uhuru, kisha wanasiasa wakazigeuza jukwaa la kuonyesha bahasha, hadi watu wakaanza kuuliza mshahara gani unatoa mamilioni kila Jumapili. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwawekea mipaka, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa umma kushiriki harambee. Kikundi kinachomsubiri mheshimiwa aje amalizie kilichopungua kinajifunga kwenye ratiba ya uchaguzi.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tuchange wakati tunalipa kodi. Wana haki ya kuuliza. Michango ya shule ilikuwa imefika mahali watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha za mlinzi, na Januari 2018 Rais John Magufuli aliipiga marufuku, akaagiza mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke fedha halmashauri na mwalimu asiziguse. Nadhani agizo lile lilikuwa sahihi katika jambo la msingi: anayemhudumia mtoto hapaswi kuwa ndiye anayemdai mzazi wake. Kikundi kinaweza kuuheshimu mpaka huo na bado kikafanya kazi kubwa, mradi mchango uwe wa hiari kweli na ulenge kitu ambacho bajeti haijakigusa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na serikali ya kijiji inatakiwa kusoma pale mapato na matumizi yake. Mweka hazina wa kikundi aombe dakika kumi katika mkutano huohuo na asome hesabu zake pia, risiti zikiwa mezani, ili hata aliyekataa kuchanga aweze kunyoosha mkono na kuuliza bati ishirini zilinunuliwa duka gani na kwa bei gani.