Chama cha Vijana Huko Malaysia

Kwa lugha ya Kimalay, neno "muda" maana yake ni kijana, si kitambo kama tulivyozoea sisi. Ndilo jina la chama alichokiasisi Syed Saddiq mwaka 2020, yeye aliyepata kuwa waziri akiwa na umri wa miaka 25, kwa kusudi la kuwakusanya vijana wa Kimalay, wa Kichina na wa Kihindi chini ya bendera moja. Katika nchi ambayo vyama vingi vimejengwa juu ya kabila, hilo si jambo dogo.

Mwanzoni mwa 2021 serikali ilikataa kukisajili, hata Desemba Mahakama Kuu ikaamuru kisajiliwe. Twasema wazi kwamba ofisa mwenye muhuri hana haki ya kuwachagulia wananchi chama. Mwezi huo huo umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18.

Kura, hata hivyo, hazikumiminika. Mwaka 2022 chama kilipata kiti kimoja tu bungeni, cha Muar, nacho ni cha Saddiq mwenyewe. Katika uchaguzi wa majimbo wa Agosti 2023 wagombea wake wote 19 walishindwa. Novemba Saddiq akahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa makosa ya fedha, akajiuzulu uongozi. Juni 2025 Mahakama ya Rufani ilimfutia hatia.