Vita vya Mezani katika Nchi Isiyokuwapo

Katika michezo ya vita ichezwayo mezani kwa vijisanamu vya askari, ambavyo aghalabu huwa na kimo cha milimita 28 hivi, liko tawi lihusulo zama za ukoloni; na wachezaji wa tawi hilo, badala ya kuvirudia vita vilivyokwisha kupiganwa, mara nyingi hubuni nchi isiyomo katika ramani yoyote, wakaipa sultani wake, mto wake, ngome yake na ugomvi wake na dola ya kigeni. Desturi ya kubuni ni kongwe, kwani hata H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, alisimulia vita vya kubuni vilivyopiganwa sakafuni kwa mizinga midogo yenye kurusha vipande vya mti.

Faida yake ni dhahiri. Achezaye pigano la Isandlwana la tarehe 22 Januari 1879 anajua tangu mwanzo kwamba Wazulu walishinda, akajihadhari na kosa ambalo majemadari wa Kiingereza wa siku ile hawakulitambua. Lakini katika nchi ya kubuni hakuna aujuaye mwisho.

Kanuni zilizopendwa sana ni The Sword and the Flame, za Mmarekani Larry Brom, zilizotoka mwaka 1979. Karata huchanganywa, kisha hufunuliwa mojamoja: ikitoka kopa au uru, kikosi kimoja cha wakoloni husogea, ikitoka shupaza au pau, kimoja cha wenyeji. Basi jemadari aliyekwisha kupanga safu yake vizuri, akiingojea nyekundu moja tu ili ageuze bunduki zake ubavuni, huona nyeusi, na nyeusi tena, hata wenye mikuki wakamfikia.

Walakini lililo kubwa zaidi ni nani anayeketi upande wa pili. Katika kanuni za Science versus Pluck za Howard Whitehouse, zihusuzo vita vya Sudani, wachezaji wote ni maofisa wa Kiingereza, na jeshi la Mahdi huendeshwa na mwamuzi, ili maofisa wasione wasichopaswa kukiona. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini mwenye kubuni nchi yake mwenyewe, asiyefungwa na tarehe wala majina, sioni udhuru wake wa kumnyima sultani mchezaji, akili na makusudio. Sultani apewe haja zake: kuvusha nafaka mtoni kabla ya masika, kuchelewesha msafara, kumvuta mshirika wa adui, na mgeni akiteka ngome tupu, asihesabiwe kuwa ameshinda.

Wapagazi nao, ambao bila wao misafara mingi ya bara la Afrika isingalitoka pwani, wawekwe mezani, kila shehena na watu wake. Na wakikimbia, mzinga na ubaki pale pale walipoutua.